Kitabu cha mwongozo wa kura California 2024: nawapa nyota 4, ila andaa chai kwanza

Wadau wa huku California, najua wengi kile kitabu kikifika kwenye boksi la barua kinaenda moja kwa moja kwenye takataka pamoja na vipeperushi vya pizza, mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Ila 2024 hoja za jimbo zima, zile tunaziita Prop, za kupigiwa kura ndio au hapana, zilikuwa 10, nikasema ngoja nikae mezani nisome kabla sijaanza kujaza viduara vya karatasi ya kura.

Anzia kurasa za mbele, kila hoja imefupishwa, ukipiga ndio maana yake nini na ukipiga hapana maana yake nini. Ukiwa na haraka inatosha. Lakini utamu uko kwa wachambuzi wa bajeti wa jimbo, wale hawabembelezi mtu. Prop 2 ya majengo ya shule, mkopo wa dola bilioni 10, wamekuwekea kabisa kwamba kuulipa ni kama milioni 500 kila mwaka kwa miaka 35. Miaka 35 jamani! Mwanangu yuko darasa la pili, deni likiisha na yeye kichwa kimeshaanza mvi.

Zile kurasa za wanaounga mkono na wanaopinga ni makelele matupu, herufi kubwa kila mahali, na chini kabisa kuna kamstari kanasema hayo ni maoni ya walioandika, hakuna ofisi iliyokagua kama ni kweli. Mi nazisoma mwisho, kama unavyowasikiliza wapiga debe stendi. Halafu Prop 6, ya kufuta kazi za kulazimishwa magerezani, upande wa kupinga hakuna hata mtu mmoja aliyeandika, nikajua hii imeshapita. Ikaanguka!

Nyota moja nimekata kwa lugha. Kipo cha Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu mpaka Kikhmer, Kiswahili hamna, kwa hiyo mama mkwe nilimtafsiria mwenyewe usiku kucha. Tukafika Prop 34, watoa huduma za afya walazimishwe kutumia asilimia 98 ya pesa fulani za dawa kwa wagonjwa, lakini ni wale tu ambao pia wanamiliki nyumba za kupangisha zenye makosa 500 na zaidi. Akavua miwani: "Sasa baba, dawa na nyumba mbovu vinakutania wapi?" Nikamwambia mama, subiri nisome tena.