Kamati ya pingamizi za michezo ya vyuo, Kisumu: nyota mbili kati ya tano

Huduma ninayoitathmini ni ya kusikiliza pingamizi dhidi ya wachezaji wasiostahili katika mashindano ya vyuo ya ukanda wetu, nami naiandikia kama mteja kwa sababu tuliilipia. Timu inayopinga hutoa ada kabla faili haijafunguliwa. Timu inayopingwa, ambayo safari hii ilikuwa yetu, haitozwi ada, lakini hugharamia nauli na nakala za vyeti, na mchezaji wake hukaa nje wikendi baada ya wikendi. Kamati na vyuo vyote viwili sitavitaja, maana sipendi mashabiki wa upande wowote wakamsumbue karani ambaye, kama nitakavyoeleza, alifanya kazi yake kuliko wote.

Tuhuma yenyewe ilikuwa nyepesi. Ilidaiwa kwamba winga wetu wa kushoto hakuwa amejisajili muhula huo, na kwa hiyo alikuwa mamluki. Jibu la swali kama hilo limo katika orodha ya msajili wa chuo: jina, nambari ya usajili na muhula. Barua moja rasmi ingelimaliza asubuhi moja, lakini lilichukua majuma saba.

Mapokezi nayasifu bila kusita. Karani alikuwa na daftari la mistari na saa ya ukutani iliyokuwa sahihi. Kila karatasi tuliyompa aliiandikia muda wa kupokelewa, akaigonga muhuri, kisha akaigonga nakala yetu pia na kuturudishia bila kuombwa. Waliowahi kufuatilia faili katika ofisi zetu wanaijua thamani ya muhuri kwenye nakala ya mteja. Barua ya wito ilisema kikao kingeanza saa nne. Kilianza saa nane kasorobo, wala hakuna aliyetoka kutuambia sababu. Mashabiki wapatao thelathini walisubiri nje chini ya mwarobaini wakiwa na ngoma zao za isukuti, na kadiri jua lilivyozidi kuwaka ndivyo ngoma zilivyozidi kupoa, hadi ikabaki sauti ya mama muuza chai akihesabu vikombe vyake.

Ndani ya ukumbi mambo yaliharibika kwenye kielelezo cha kwanza. Kilikuwa picha ya taarifa ya karo ya kijana wetu, iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta, na kidole gumba cha mpiga picha kikionekana pembeni. Nahodha wetu aliuliza, kwa adabu, picha hiyo ilifikaje pale. Baada ya kimya kirefu mjumbe mmoja alikiri kwamba alimwomba rafiki yake anayefanya kazi katika afisi ya karo, kwa kuwa kuandika barua kungechelewesha kesi. Kwa hiyo mtu aliyepewa kazi ya kuchunguza iwapo kanuni zimevunjwa alikuwa amechukua taarifa za siri za mwanafunzi kwa mlango wa nyuma, katika nchi ambayo imekuwa na Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019. Habari ilipowafikia mashabiki, mmoja wao alipaza sauti, "Kesi ya ngedere, hakimu nyani!" na ngoma zikaamka tena. Kikao kikaahirishwa.

Nilikumbuka kesi ya Chuo Kikuu cha Miami nchini Marekani, kwa jinsi zilivyofanana. Mwaka 2011 Nevin Shapiro, mfadhili wa timu za chuo hicho ambaye alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa utapeli wa uwekezaji, alidai kwamba kwa miaka mingi aliwapa wachezaji fedha na zawadi kinyume cha kanuni. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, hakina mamlaka ya mahakama ya kumlazimisha shahidi kuzungumza. Wachunguzi wake wakapitia kwa wakili wa Shapiro mwenyewe, aliyewahoji mashahidi kwa kiapo katika kesi ya kufilisika, na chama kikamlipa. Januari 2013 rais wa chama, Mark Emmert, alikiri hadharani kwamba jambo hilo halikuwa sawa. Mwezi uliofuata mkuu wa kitengo cha uchunguzi aliondolewa kazini, na ushahidi uliopatikana kwa njia hiyo ukatupwa. Hata hivyo kesi iliendelea, na hukumu ikatoka Oktoba 2013: timu ya futiboli ya Kimarekani ilipunguziwa nafasi 9 za ufadhili wa masomo na ile ya mpira wa kikapu 3. Kilichowauma zaidi mashabiki wa Miami ni kwamba chuo chao kilikuwa kimeshajinyima mechi za baada ya msimu mwaka 2011 na tena 2012, kikitumaini kuhurumiwa. Adhabu kubwa waliitumikia kabla ya kuhukumiwa.

Nasi yalitupata hayo hayo, kwa kipimo chetu kidogo. Kocha alimweka winga benchi kwa hiari ili tusije tukapokonywa pointi baadaye. Bila yeye tulitoka sare mechi mbili tulizopaswa kushinda, tukakosa mchujo kwa pointi moja. Barua ya uamuzi ilikuja siku tisa baadaye, ikiwa na mistari mitatu: pingamizi limeondolewa kwa kukosa ushahidi halali. Haikusema kama kijana alikuwa amejisajili au la, ingawa fomu yake yenye muhuri wa msajili ilikuwa katika faili tangu siku ya kwanza, ukurasa wa nne. Hadi leo akigusa mpira ugenini huimbiwa wimbo wa mamluki.

Niliwaona wenzetu wakishangilia barua hiyo nikashindwa kujiunga nao. Isitoshe, nawaelewa mashabiki wa timu pinzani waliokasirika kutuliko. Walitoa ada yao, wakauliza swali ambalo walikuwa na haki ya kuliuliza, na baada ya majuma saba wakaambiwa tu kwamba ushahidi haufai, ushahidi ambao si wao walioukusanya. Ada hawakurudishiwa. Kama ningekuwa upande wao, nisingeamini kwamba kijana wetu ni safi, na sijui ningeaminije kwa barua ile.

Natoa nyota mbili. Moja ni ya karani. Nyingine ni ya mwenyekiti, ambaye kikao kilipoanza tena aliitangaza picha ile kuwa batili mbele ya timu zote mbili, ilhali angeweza kuichomoa kimyakimya. Nyota tatu nimezizuia kwa sababu ya muda, kwa sababu ya barua isiyojibu swali, na kwa sababu mjumbe aliyeleta picha alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake siku ya uamuzi, akitia saini pamoja na wengine.

Msimu ujao timu yetu ikiitwa tena nitakwenda, nikiwa na nakala tatu za kila karatasi, na nitaketi karibu na meza ya karani.