Damu kuganda: upime jeni au uulize ukoo?

Swali hili hurudi kila mtu anapopatwa na donge la damu mguuni au kwenye mapafu.

Kwa gharama, kuuliza ukoo kunashinda: ni bure. Mama, baba au ndugu wa tumbo moja akiwa amewahi kuganda damu, hatari yako huongezeka takribani mara mbili, hata kipimo cha jeni kisipoonyesha kitu.

Kwa uhakika, inategemea asili yako. Kipimo cha kawaida hutafuta Fakta V Leiden, badiliko la jeni linalofanya damu igande kwa urahisi, lililogunduliwa Uholanzi mwaka 1994, na badiliko la jeni ya prothrombini, protini ya kugandisha damu. Fakta V Leiden hubebwa na takribani Wazungu 5 katika kila 100, lakini ni adimu mno kwa Waafrika na watu wa Asia Mashariki. Kwa hiyo Mwafrika akiambiwa "huna", asipumue bado! Wamarekani weusi huganda damu zaidi ya weupe ingawa jeni hiyo ni adimu kwao. Kubeba jeni moja tu ya seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, bila kuugua, nako huongeza hatari ya donge la mapafu, na kipimo hicho hakiigusi.

Jeni hupimwa mara moja tu maishani. Historia ya ukoo lazima uihuishe, na wazee wengi husema tu "alianguka ghafla".

Mwenye mzazi wa Kizungu anayetaka vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo baadhi huongeza hatari hii, ana sababu ya kuzungumza na daktari kuhusu jeni. Mwenye wazazi Waafrika aanze na ukoo, na aulize pia kuhusu seli mundu.