Sensa ya krenki kwenye Jeep Comanche ya 1989: mbadala na ya kiwandani

Nitaanza na hukumu, maana mwenye gari lililomzimikia barabarani hana muda wa hadithi ndefu. Ukiikuta sensa ya krenki ya Renix (mfumo wa kompyuta unaoendesha injini hii) iliyotoka kiwandani, inunue hata kama boksi lake limeliwa na panya. Ile mbadala mpya nayo inafanya kazi, ila inafanya kazi injini ikiwa baridi, na injini baridi haihitaji msaada wa mtu.

Gari lenyewe ni pikapu, Jeep Comanche ya 1989, injini ya lita 4.0 yenye silinda sita za mstari mmoja. Comanche zilitoka kuanzia modeli ya 1986 hadi ya 1992, lakini ukifungua boneti utaona si ndugu wa baba mmoja. Injini za 4.0 za 1987 hadi 1990 zinaendeshwa na mfumo wa Renix, uliotokana na ushirika wa Renault na Bendix enzi Jeep iko chini ya kampuni ya AMC (American Motors). Chrysler wakainunua AMC mwaka 1987, na ilipofika modeli ya 1991 wakauondoa mfumo huo na kuweka wa kwao.

Balaa la kutafuta spea linaanzia hapo. Muuzaji anaandika "Jeep 4.0" kwenye kompyuta, sensa inatokea, picha inafanana, anakwambia iko. Inafika, unakuta ina waya tatu. Hiyo ni ya 1991 kuja juu. Ya Renix ina waya mbili tu, na usidanganywe na fundi anayesema ataunga. Ile ya waya tatu hulishwa umeme na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ndipo ifanye kazi. Hii ya zamani inajizalishia umeme wake: ndani kuna sumaku na koili, meno ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa mwisho wa krenki) yakipita mbele yake, umeme mdogo unazalika na kontroli boksi inausoma kujua krenki iko wapi. Ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Kwa hiyo ukiagiza, taja mwaka, taja Renix, na omba picha ya plagi ya waya zake kabla ya kulipa.

Dalili za kufa kwake zinasumbua kwa sababu zinafanana na za pampu ya mafuta. Gari linakwenda vizuri, likishapata moto sawasawa linazima ghafla, bila kukohoa. Starta inazungusha kwa nguvu zote, lakini plagi hazitoi cheche na nozeli hazimwagi petroli. Liache lipoe, linawaka na kukuchekea. Kinachotokea ni kwamba waya mwembamba wa koili umekatika ndani. Joto likiutanua ncha zinaachana, ukipoa zinagusana tena. Na usitegemee dashibodi ikwambie chochote, Renix haina taa ya injini. Mashine za kisasa za kupimia nazo hazina pa kuchomekwa. Wengi hubadilisha pampu, kisha chujio, kisha koili ya cheche, na sensa inakuwa ya mwisho kushukiwa kwa sababu imejificha.

Mita ya kawaida inatosha kumaliza ubishi. Chomoa plagi ya sensa, pima om (ukinzani) kati ya waya zake mbili: kati ya 125 na 275 iko sawa. Pima ikiwa baridi, halafu pima tena gari likiwa limezima kwa moto. Yangu ikiwa baridi ilisoma vizuri kabisa, ya moto ikawa haisomi kitu. Kipimo cha pili ndicho wengi wanakiruka. Weka mita kwenye volti za AC, mtu apige starta, na usome. Isipofika volti 0.5 hiyo sensa ni mgonjwa, hata kama om zake ni nzuri.

Kipimo hicho cha pili ndicho kilichoniumbulia ile mbadala. Ilikuja ndani ya kifuko cha plastiki kisicho na namba yoyote, na jina la mtengenezaji silitaji. Om zilikuwa ndani ya kiwango. Plagi iliingia bila kulazimishwa. Asubuhi gari liliwaka kwa mguso mmoja, nikafurahi. Injini ilipopata moto, starta ikawa inazunguka wee mpaka unaionea huruma betri, ndipo ishike. Mita ikaonyesha 0.35. Nilipoifungua na kuilaza sambamba na ile iliyokufa, sababu ikaonekana kwa macho: matundu ya kibano chake yametobolewa chini kidogo, hivyo kichwa cha sensa kinabaki mbali na flaiwili. Kwa sensa ya aina hii, nafasi ndogo kama unene wa kadi inakula volti zote.

Wenye Renix wana dawa yao: unapanua tundu la juu la kibano kwa tupa, unaisukuma sensa ishuke karibu na flaiwili, kisha unakaza. Nilifanya hivyo na volti zikavuka 0.5. Lakini nauliza, kitu kipya kinunuliwe kisha kikapigwe tupa? Muuzaji nilipomweleza alijibu kwamba hakuna mwingine aliyelalamika. Ganda la waya wa sensa hiyo nalo likaanza kukauka na kupasuka upande unaopita karibu na ekzosi, gari likarudia tabia ile ile ya kuzima.

Ya pili ilipatikana kwa mtu anayeuza mabaki ya stoo, boksi lina nembo ya Mopar, chapa ya spea za Chrysler, na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Ukiishika tu unajua. Kibano ni cha chuma kinene, kingo zimesagwa. Waya uko ndani ya ala nene inayopinda bila kuvunjika. Wasiwasi wangu ulikuwa kwamba sensa iliyokaa kabatini miaka yote hiyo itakuwa imelegea sumaku, lakini kwenye starta ilitoa zaidi ya 0.7 bila tupa, bila kusukumwa. Ya moto, injini inashika haraka kama ya baridi.

Kuifunga ni kazi ya roho ngumu. Inakaa juu ya hauzingi ya gia boksi, upande wa kushoto, mahali ambapo mkono hauingii kutoka juu wala chini. Unalala chini ya gari, unaunganisha ekstensheni hadi zipite sentimita 60, unaweka kiungo kinachopinda mwishoni na soketi namba 11, kisha unaipitisha juu ya gia boksi kutokea nyuma. Boliti ni mbili, na zina bega maalumu linaloishikilia sensa kwenye nafasi yake kamili. Usiziweke za kuokota kwenye kopo la boliti. Wakati wa kurudisha, paka grisi nzito ndani ya soketi ili boliti isichomoke, maana ikidondoka ndani ya hauzingi, utashusha gia boksi ukiimba.

Nikiwa huko huko, kama gari lako ni la 1987 au 1988, safisha na kile kiunganishi kikubwa kiitwacho C101, kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Signali za sensa nyingi hupita mle, na grisi ya kiwandani iliyogeuka lami hula volti ulizozihangaikia. La kwangu halina, kilikwisha ondolewa na watengenezaji wenyewe.

Mbadala naipa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya plagi. Ya kiwandani naipa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu boksi halikuwa na boliti wala klipu ya waya, na kwenye injini hii ekzosi iko upande huo huo unakopita waya wa sensa. Ukiuacha uning'inie, utaungua. Mimi nimeufunga kwa klipu ya chuma yenye mpira, mbali na bomba. Zile nyuzi za plastiki za kufungia waya huyeyuka pale.