Kutenganisha nywele na mandharinyuma: programu tano, kuanzia bora kushuka

Kinyozi hukata nywele. Anayehariri picha hukata kila kitu isipokuwa nywele. Bega, shavu na kola ya shati vina ukingo unaoonekana, na karibu kila programu ya siku hizi inavitoa kwa mbofyo mmoja. Ukifika kwenye afro iliyochanuliwa, nywele za kipilipili zinazopitisha mwanga pembeni, au vijinywele vilivyochomoka kwenye rasta, ndipo bibi harusi anapotokea kwenye albamu kama aliyevaa kofia ya plastiki.

Sababu ni hii. Unywele mmoja mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli moja ya picha, kwa hiyo pikseli ya ukingoni si nywele wala si ukuta, ni mchanganyiko wa vyote viwili. Programu inapaswa kujibu maswali mawili kwa kila pikseli ya namna hiyo. Asilimia ngapi ni nywele? Na nywele hiyo ingekuwa na rangi gani kama ukuta usingekuwepo? Jibu la kwanza linakupa maski, yaani ramani ya nyeupe, nyeusi na kijivu inayosema kipi kibaki na kipi kifichwe. La pili ndilo linaloondoa ule mstari mweupe au wa kijani unaozunguka kichwa ukishabadilisha mandharinyuma. Programu nyingi za haraka hujibu la kwanza tu na kukuachia mstari.

Basi unapochagua, uliza mambo manne: ina brashi ya kuionyesha kwa mkono sehemu isiyo na uhakika? Inasafisha rangi ya ukingo? Inakurudishia picha kwa ukubwa kamili? Na malipo yake yanakufunga kwa muda gani? Ijaribu kwa picha yako ngumu kuliko zote, achana na zile za matangazo. Weka matokeo juu ya rangi nyeusi, kisha nyeupe, kisha nyekundu kali, na utazame kwa asilimia 100. Kasoro iliyojificha kwenye nyeupe hujitokeza kwenye nyeusi.

1. Photoshop: kwa anayelipwa kwa kazi hii

Bado iko mbele, na kinachoiweka mbele ni kwamba hatua zote mbili, maski na rangi, ziko kwenye dirisha moja. Dirisha hilo, "Select and Mask", lilikuja mwaka 2016. Kitufe cha "Refine Hair" kikaongezwa 2020.

Utaratibu unaotoa matokeo mazuri ni huu. Chagua "Select", kisha "Subject". Fungua "Select and Mask" kwa Alt+Ctrl+R. Kwenye "Refine Mode" weka "Color Aware" kama ukuta ni wa rangi moja, au "Object Aware" kama nyuma kuna miti, watu au mapazia. Bonyeza "Refine Hair" mara moja. Halafu chukua "Refine Edge Brush" upitishe kwenye ncha za nywele tu, mahali nywele na ukuta vinapochanganyika. Kosa la kawaida ni kuisugua brashi hii hadi ndani ya kichwa: programu inaanza kutilia shaka nywele zilizo nzima na kutoboa matundu. Ikitokea, shikilia Alt upake tena hapo hapo.

Chini kuna vitelezi vinne. "Smooth" na "Feather" viache kwenye sifuri. Hivyo ni vya mabega na vikombe, na kwenye nywele hufuta kilekile unachokitafuta. "Contrast" ipe 5 hadi 10. "Shift Edge" ishushe kati ya 5 na 15 chini ya sifuri, ukingo uingie ndani kidogo. Kisha washa "Decontaminate Colors" uanzie asilimia 50. Ukiipeleka 100, rangi ya nywele inasambaa kama wino uliomwagikiwa maji, hasa kwenye nywele zenye rangi mbili. Toa kwenye "New Layer with Layer Mask", kwa kuwa usafishaji huo hubadilisha pikseli zenyewe, na ile picha ya awali utaihitaji tena.

Kwa nywele nyeusi mbele ya ukuta mwangavu, njia ya zamani ya chaneli (picha tatu za nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha nzima) mara nyingi hushinda vitufe vyote hivyo. Nakili chaneli yenye tofauti kubwa zaidi kati ya nywele na ukuta, aghalabu ya bluu. Fungua "Levels" uvute ncha mbili hadi nywele ziwe nyeusi tii na ukuta uwe mweupe. Malizia kwa brashi iliyowekwa "Overlay": nyeusi juu ya nywele, nyeupe juu ya ukuta. Vijinywele vya katikati vinabaki na kijivu chao, na kijivu hicho, ukishageuza nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, ndicho maski yenyewe. Ikumbukwe tu kwamba njia hii haisafishi rangi.

Sasa malipo, maana hapa ndipo watu huumia. Photoshop haiuzwi moja kwa moja, inakodishwa. Mpango wa programu hii peke yake umekuwa ukizunguka dola 23 kwa mwezi kwa bei ya Marekani, lakini bei hiyo ni ya mkataba wa mwaka unaolipwa mwezi kwa mwezi. Ukivunja baada ya siku 14 za mwanzo, unadaiwa nusu ya miezi iliyobaki. Mpango wa mwezi mmoja mmoja ni ghali zaidi ila hauna kamba hiyo, na kwa msimu mmoja wa mahafali ndio unaofaa. Anza na siku 7 za majaribio, na ziwe siku ambazo tayari una picha za kazi mkononi. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 ndiyo ngazi ya chini kabisa. GB 16 ndiyo inayokwenda bila kugoma. Zile kopi zilizovunjwa za mtaani, mbali na kuwa za wizi, huja na virusi vinavyokula picha za wateja, na siku hizi hakuna sababu ya kuzihangaikia, kama inavyoonekana hapa chini.

2. Affinity: kwa wengine karibu wote

Hii ndiyo iliyopindua soko. Canva iliinunua kampuni ya Serif mwaka 2024, na Oktoba 2025 Affinity ikatolewa bure. Unachohitaji ni akaunti ya Canva, nayo ni bure. Vitufe vya akili bandia vinadai usajili wa kulipia wa Canva, ila brashi tunayoizungumzia hapa haidai kitu. Kwa hiyo mtu akikuuzia namba ya leseni ya toleo la pili, mwachie.

Paka mwili kwa "Selection Brush", kisha bonyeza "Refine" juu ya dirisha. Brashi ya "Matte" ndiyo ya nywele. "Foreground" na "Background" ni za kusahihisha ilipokosea. Ongeza "Border width" hadi ukanda ufunike ncha zote zilizochomoka, usizidishe, maana ukanda mpana huchukua muda mrefu kukokotolewa na huokota michoro ya ukutani ukidhani ni nywele. Toa kwenye tabaka ("layer") jipya lenye maski.

Udhaifu wake uko kwenye giza juu ya giza: afro mbele ya pazia la kahawia itakuletea ukungu. Kama rangi ya ukuta imebaki ukingoni, ongeza tabaka tupu juu, lifungie kwenye tabaka la mtu, weka hali yake iwe "Color", chukua rangi ya nywele za ndani na upake ukingoni kwa brashi laini. Hila hii inafanya kazi kwenye programu zote tatu za mwanzo katika orodha hii.

Affinity inaendeshwa kwenye Windows na Mac. Wa Linux waruke hadi ya tatu au ya nne.

3. Photopea: kwa kompyuta ya kuazima

Inafunguka ndani ya kivinjari, inasoma faili za PSD (zile za Photoshop), na picha hazipandishwi kwenye seva, zinabaki kwenye kompyuta yako. Bure ina matangazo pembeni, unalipa kuyaondoa.

"Refine Edge" yake inakufundisha kazi yenyewe kuliko nyingine zote, kwa sababu unapaka ramani ya rangi tatu kwa mkono: nyeupe kwa kilicho hakika cha mtu, nyeusi kwa kilicho hakika cha nyuma, kijivu kwa utata. Kijivu kiwe chembamba. Anayepaka kijivu kichwa kizima analalamika kwamba programu ni mbovu, kumbe ameinyima mifano ya kulinganisha. Hifadhi PSD kila baada ya dakika chache; ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, kazi imekwenda.

4. GIMP: ya nne kwa jumla, ya kwanza mbele ya ukuta mweupe

Ni bure, huria, na inakimbia kwenye kompyuta dhaifu. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Kifaa chake cha "Foreground Select" kinatenganisha nywele kwa injini mbili, "Matting Global" na "Matting Levin". Zungushia mtu kwa ulegevu, bonyeza Enter, paka sehemu zilizo hakika, tazama "Preview mask", kisha Enter tena. Levin ni pole pole sana kwenye picha kubwa: kata kichwa pekee kama nakala, fanyia kazi hapo, kisha rudisha maski.

Lakini kama mpigapicha alitumia ukuta mweupe ulioangazwa vizuri, sahau yote hayo. Nakili tabaka mara moja. Kwenye la chini, fungua "Colors" kisha "Color to Alpha" na uchague ile nyeupe ya ukuta. Kila pikseli inanyang'anywa nyeupe yake kwa hesabu, kwa hiyo vijinywele vinabaki na uwazi sahihi na rangi safi kwa pamoja, yaani maswali yote mawili yanajibiwa kwa pigo moja. Tatizo: meno, macho na shati jeupe navyo vinatobolewa. Ndiyo kazi ya tabaka la juu: lipe maski, ubakishe mwili, uso na katikati ya nywele, na uishie sentimita chache kabla ya ncha. Ukuta usio mweupe sawasawa hubakiza ukungu. Ongeza "Transparency threshold" kidogo kidogo hadi ukungu uondoke bila kula nywele.

5. Za kujiendesha: rembg na tovuti za mbofyo mmoja

remove.bg ni ya haraka na nywele zake si mbaya. Ila picha ya bure ina megapikseli 0.25, wakati chapisho la sentimita 10 kwa 15 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) linahitaji zaidi ya megapikseli 2. Kwa picha ndogo ya wasifu inatosha. Kwa fremu ya ukutani utalipia kila picha. Nunua alama ("credits") chache kwanza.

Mwenye picha 300 za vitambulisho na intaneti ya kubahatisha atumie rembg, programu huria inayofanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe. Usikubali modeli yake ya kawaida (akili bandia inayomtambua mtu kwenye picha), u2net: hiyo huipunguza picha hadi pikseli 320 kwa 320 kabla ya kuitazama, kisha hutanua maski. Kwenye picha ya pikseli 4000, kila hatua ya maski inafunika zaidi ya pikseli 12, na nywele zinatoka kama sponji. Modeli ya isnet-general-use hutazama kwa pikseli 1024. Amri ya folda nzima, ya kuandika kwenye dirisha la amri ("picha" ni folda ya picha zako, "matokeo" ni folda ya zilizokatwa):

rembg p -m isnet-general-use picha matokeo

Ongeza -a kwa usafishaji wa ukingo, ukijua kwamba inachelewesha sana.

Kabla ya kulipa chochote

Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida imeshapunguzwa ukubwa, na JPEG yake huhifadhi rangi kwa robo tu ya pikseli inazotumia kuhifadhi mwanga na kivuli. Ukingo wa nywele unakuwa na madoa ambayo hakuna programu inayoyaondoa. Mwambie mteja aitume kama "Document".

Mtu asimame mita moja na nusu hadi mbili kutoka ukutani. Karibu zaidi ya hapo, rangi ya kitambaa inamrudia shingoni na kwenye nywele, na kitambaa cha kijani ndicho kibaya kuliko vyote. Kwa nywele nyeusi, kijivu chepesi au nyeupe inatosha, pamoja na taa moja ndogo nyuma ya kichwa. Na kama mandharinyuma mapya nayo ni mepesi, weka picha yote juu yake katika hali ya "Multiply", kisha mwili uliokatwa juu ya hapo: ukuta mweupe unatoweka na nywele zinabaki bila kukatwa hata moja.

Picha za pasipoti na viza za Marekani, bahati nasibu ya DV ikiwemo, zisiguswe na programu hizi. Serikali ya Marekani hukataa picha iliyobadilishwa kwa kompyuta, kwa hiyo hapo kinachonunuliwa ni shuka jeupe.