Mirathi bila wosia Mombasa: Kadhi, mahakama ya kawaida au kibanda cha kuchapa?

Mzazi akifariki Mombasa bila wosia, au na wosia usiosimama kisheria, familia ina milango mitatu ya kubisha: Mahakama ya Kadhi, mahakama za kawaida, na Mdhamini wa Umma, ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu. Wa nne si rasmi lakini ndio wenye foleni, nao ni vibanda vya kuchapa karatasi.

Kwa Waislamu, Kadhi ndiye tunayempa alama za juu, hasa kwa sababu hesabu haina ubishi. Kabla ya kugawa hutolewa gharama za maziko, kisha madeni. Mahari ambayo mke hajalipwa ni deni pia, na aghalabu husahaulika. Tuseme baada ya hapo imebaki shilingi milioni 8, na marehemu ameacha mke mmoja, wavulana wawili na wasichana watatu, wazazi wake wakiwa wamemtangulia. Mke huchukua thumni (sehemu ya nane), yaani milioni 1. Milioni 7 hugawanywa mafungu saba: kila mvulana mawili, kila msichana moja. Warithi wakikubaliana ni nani na nani, mgao wenyewe ni kazi ya dakika chache.

Kasoro iko kwenye mipaka ya mamlaka. Kwa mujibu wa Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, Kadhi husikiza pale tu wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa naye. Mrithi mmoja akigoma, faili lina safari ya Mahakama Kuu. Wako wanaogoma makusudi wakidhani huko binti atapata sawa na kaka yake. Wanajisumbua, maana Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inaacha mali ya Mwislamu igawanywe kwa sharia ya Kiislamu hata mbele ya jaji. Lililobadilika ni la watoto waliozaliwa nje ya ndoa: mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hilo pekee si sababu ya kuwanyima urithi wa baba.

Wasio Waislamu huanzia mahakama ya kawaida. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikizwa na hakimu mkuu. Ikizidi, ni Mahakama Kuu. Karatasi ni fomu P&A 80 ya ombi, kiapo P&A 5, ridhaa ya warithi P&A 38, cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Hati ya usimamizi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, ikitoka, kwa kawaida husubiriwa miezi 6 ndipo ithibitishwe. Kukiwa na watoto wadogo, wasimamizi wawe angalau wawili. Mjane hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki maishani mwake, kisha watoto hugawana sawa, binti aliyeolewa akiwemo. Marehemu akiwa na wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, kila mke aliye hai akihesabiwa kama kichwa kimoja zaidi.

Njia ni nzuri kwenye karatasi. Yanayoikwamisha ni mambo ya nyumbani. Cheti cha kifo, kwanza. Maziko hapa mara nyingi ni siku hiyo hiyo, na aliyefia nyumbani huzikwa bila mtu kumwarifu naibu wa chifu. Miezi 6 ikipita, usajili unakuwa wa kuchelewa na masharti yanaongezeka. Majina nayo: hati ya kiwanja inasema Mohamed bin Ali, kitambulisho kinasema Mohammed Ali Said. Andaeni kiapo cha majina mapema, kabla ya kwenda kwa msajili wa ardhi. Na msimfiche mtoto wa mke wa pili wa Likoni. Mahakama inaweza kufuta hati iliyopatikana kwa kuficha mrithi, hata kama imeshathibitishwa, na mtarudi mwanzo.

Kisha kuna nyumba bila ardhi, jambo letu hasa watu wa Pwani. Majengo, Kisauni na kwingineko, baba alijenga juu ya kiwanja cha mtu na kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Kinachorithiwa ni nyumba na makubaliano yake, si ardhi. Ambatisheni risiti za kodi hiyo na barua ya mwenye ardhi, na kwenye orodha ya mali muandike wazi kwamba ni nyumba tu. Anayejaza namba ya kiwanja anamwalika mwenye ardhi aje na pingamizi. Ulizeni pia kama nyumba iliwekwa wakf, yaani ilifungwa kisheria ya Kiislamu isiuzwe wala kurithiwa, kwani ya wakf haimo kabisa kwenye mirathi.

Mdhamini wa Umma anafaa pale hakuna mtu wa kuaminika wa kusimamia. Huduma yake ina ada inayotoka kwenye mali, na uamuzi mwingi hauko tena mikononi mwa familia.

Vibanda je? Kwa kuchapa na kupandisha karatasi kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni, vinatosha. Kwa ushauri, hapana. Kosa lao kubwa ni kunakili ombi la familia nyingine na kubadilisha majina tu, hivyo Mwislamu anajikuta ameomba mgao wa sawasawa wa Sura ya 160. Shamba likiwa na mgogoro, au kukiwa na nyumba mbili za wake, mlipeni wakili. Na yeyote akiwaambia mnaweza kuuza kiwanja huku mkisubiri uthibitisho, ondokeni hapo. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, na kutoa pesa zake kwa kadi ya benki baada ya maziko kumo.