Wino wa kahawia uliokoza kwa kalamu ya nibu: upi ununue ukiwa Unguja au Pemba

Anayeandika barua ya posa kwa mkono wake, au anayenakili nyiradi kwa khatti ya Kiarabu, hujikuta anautafuta wino ambao si mweusi wala si wa bluu ya skuli. Anataka kahawia ya karafuu iliyokauka sawasawa kwenye jamvi: ukiitupia jicho unaidhania nyeusi, ukiisogeza juani inajionesha. Wino huo upo. Tatizo ni kwamba chupa nyingi zinazouzwa kwa jina la kahawia zina wekundu au umanjano, na kwenye karatasi zinapauka.

Steshenari nyingi za hapa kwetu, ukipata wino wa chupa, ni bluu au nyeusi. Kahawia ni wa kuagiza, ama mtandaoni ama kwa ndugu anayetoka safari. Kwa hiyo chagua vizuri kabla hujatoa pesa.

Namba moja naipa Doyou ya Sailor, kampuni ya Japani. Ndiyo kahawia iliyokoza kuliko zote nitakazozitaja hapa, na bado haipotezi ukahawia wake hata kwa nibu, yaani ncha ya chuma ya kalamu, iliyo nyembamba. Inauzwa katika chupa ndogo ya ml 20, na kwa anayeandika kila siku hiyo ni kidogo. Ni wino wa rangi za kuyeyuka, basi usiutegemee mbele ya maji.

Namba mbili ni Sepia Black ya Platinum, katika safu yao ya Classic, chupa ya ml 60. Huu una tabia yake. Ukiandika unatoka hafifu, na mtu asiyeujua atasema ameuziwa kitu sicho. Subiri. Ndani yake mna chuma na asidi ya mimea, na vikikutana na hewa rangi inakoza na kushika ndani ya nyuzi za karatasi. Ni kemia ile ile iliyoandikia nyaraka za Ulaya kwa karne nyingi. Kwa nyumba zetu, ambapo paa likivuja wakati wa masika makabati nayo hayasalimiki, ushikaji huo una thamani kubwa. Hati ya mauziano ya shamba au barua unayotaka wajukuu waisome, iandike kwa huu. Ila una asidi: usiuache ukakaukia kalamuni, suuza kalamu kwa maji safi kila baada ya wiki chache, na usiutie kwenye kalamu kuukuu ya marehemu babu.

Namba tatu ni Yama-guri, katika safu ya Iroshizuku ya Pilot, ml 50. Unateleza vizuri mno na unafaa kalamu yenye ukame, ile inayotoa wino kwa shida. Bei yake ni ya juu, na weusi wake haufiki ule wa Doyou.

Namba nne ni Chocolate Brown ya Diamine, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1864. Nimeuweka wa nne kwa rangi tu, kwa sababu una wekundu kidogo. Kwa thamani ya pesa ni wa kwanza. Unapatikana kwa chupa ya ml 30 na ya ml 80. Kama hujawahi kuandikia kahawia kabisa, anza na ile ndogo.

Sepia ya Rohrer & Klingner ni nzuri pia, lakini ina ukijani wa mbali ambao mimi siupendi. Kahawia ya Waterman, ya Pelikan 4001 na Lie de Thé ya Herbin ni wino mzuri kwa wanaopenda rangi nyepesi. Kwa tunachokitafuta hapa, ziache.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo wengi wanapoulaumu wino bure. Daftari jepesi la skuli hunywa wino, mistari ikatawanya manyoya na herufi zikaonekana upande wa pili. Unyevu wa masika unazidisha hali hiyo, hivyo hifadhi karatasi kwenye mfuko uliofungwa. Tena, anayeandika Kiarabu kwa mkono wa kulia, kiganja chake kinafuata nyuma ya maneno aliyoyaandika punde, na wino ukichelewa kukauka unachafua mstari mzima. Weka kikaratasi chini ya kiganja. Nibu pana inakoza rangi lakini inamwaga wino mwingi zaidi. Kwa khatti ya haraka, nibu ya kati inatosha.

Ukitaka kuujua wino kabla ya kuutia kalamuni, dondosha tone moja kwenye tishu iliyolowa kidogo. Rangi zinaanza kuachana taratibu, nyingine zikikimbilia ukingoni. Ukiona ukingo mwekundu mpana na katikati hapana giza, jua maandishi yako yatavuta kwenye wekundu.

Aliye na Diamine ya kahawia anaweza kuikoza mwenyewe kwa nyeusi ya kampuni hiyo hiyo. Nunua bomba la sindano duka la dawa, tia tone moja la nyeusi kwa matone tisa ya kahawia, andika, acha ikauke ndipo uongeze. Nyeusi inatawala upesi. Changanya kwenye kichupa cha pembeni, uuache siku chache uone kama unaganda. Sepia Black ya Platinum usiichanganye na kitu chochote.

Wino wa kuchorea wenye gundi, hata ukiwa na kahawia ya kupendeza namna gani, utaziba kalamu. Na wino wowote wa chupa hizi usiandikie kombe, yaani aya zinazoandikwa sahanini kisha zikaoshwa kwa maji: una rangi za kiwandani na dawa ya kuzuia ukungu, na kombe hunywewa. Huko zafarani ibaki zafarani.

Atakayekuletea kwa ndege mwambie chupa aikaze, aifunge kwa mfuko wa plastiki na kuiweka ndani ya begi kubwa katikati ya nguo nyeusi. Ikifika, iweke kabatini mbali na jua.