Kutoa pointi na kufunga ignisheni ya elektroniki kwenye Land Rover Series III: inalipa?

Wadau, hamjambo. Hii hapa mezani ndiyo seti yenyewe: moduli ndogo nyeusi yenye nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, na pete yenye sumaku nne, moja kwa kila silinda. Basi. Inachukua nafasi ya pointi, zile ncha mbili za chuma zinazofunga na kukata umeme wa koili ndani ya distribyuta, yaani kigawa moto wa plagi. Ni Pertronix Ignitor, kizazi cha kwanza, na leo tunaichambua kwa ajili ya Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, distribyuta ya Lucas 45D4. Mwenye Datsun 1200 au Peugeot 504 usiondoke: seti yako ni nyingine, lakini kazi ni ileile.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Eti gari litaongezeka nguvu. Haliongezeki. Pointi mpya zilizosetiwa vizuri, kwa koili ileile (kile kikopo kinachokuza umeme wa plagi), zinatoa moto uleule. Shida ya pointi ni kwamba hazibaki mpya. Kile kisigino cha plastiki kinachosuguana na kamu kinaisha taratibu, nafasi inapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na taimingi, yaani wakati wa plagi kurusha moto, inarudi nyuma. Nafasi ikipungua, dweli (digrii ambazo pointi zinakaa zimefunga) inaongezeka; kanuni ni kwamba kila digrii moja ya dweli inayoongezeka inakula digrii moja ya taimingi kwenye krankshafti. Ndiyo maana unaseti leo gari linavuta, baada ya miezi kadhaa linapanda mlima wa Kitonga kwa kulalamika na hakuna kilichoharibika. Ongeza na hewa yetu ya pwani: gari linalokaa limepaki Kigamboni wiki nzima, uso wa pointi unashika utando, asubuhi unapiga stata tu.

Seti hii inaondoa msuguano huo. Sumaku inapita mbele ya moduli, moduli inakata umeme wa koili, hakuna kinachoisha. Hiyo ndiyo faida unayoinunua: taimingi inayokaa pale ulipoiacha.

Sasa sehemu inayoua seti hizi mjini, na hapa nitakaa kidogo. Koili. Chomoa nyaya zote za koili, weka mita kwenye omu, pima kati ya chanya na hasi. Kwa injini ya silinda nne seti hii inataka omu 3 au zaidi. Ukipata omu 1.5, hiyo ni koili ya kufanya kazi na rezista ya balasti, ile inayopunguza umeme kabla ya koili. Hesabu ni rahisi: volti 13.8 gawa kwa 3 ni ampia 4.6. Gawa kwa 1.5, ni ampia 9.2. Moduli haikutengenezwa kubeba huo mzigo, itachemka na kufa, halafu utasikia mtu anasema seti ni feki. Ama weka koili ya omu 3 na utoe balasti, ama acha balasti ilinde koili lakini waya mwekundu wa moduli uchukue umeme kabla ya balasti, upate volti kamili. Maandishi kwenye koili ya dukani msiyaamini. Ukienda maduka ya spea ya Gerezani nenda na mita yako, pima mbele ya muuzaji.

La pili ni umeme unaofika. Pima kabla hujatoa pointi, na hapa wengi wanakosea: zungusha injini hadi pointi zifunge, washa swichi, kisha pima volti kwenye chanya ya koili. Pointi zikiwa wazi hakuna umeme unaopita, mita itakuonyesha volti nzuri za kukudanganya. Linganisha na betri. Tofauti ikizidi nusu volti, swichi yako au soketi za njiani zimechoka. Dawa ni rilei: mguu wa 30 kutoka betri kupitia fyuzi ya ampia 10, mguu wa 87 kwenda koili, waya wa zamani wa swichi uende 86, na 85 athi, yaani bodi ya gari.

Kuhusu athi: Series III ni hasi athi (hasi ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi), hamna shida. Lakini Land Rover za miaka ya mwanzo ya 60 zilikuja chanya athi. Kama yako ni hiyo na haijabadilishwa, seti hii itaungua papo hapo. Agiza ya chanya athi.

Kufunga sasa. Toa hasi ya betri. Zungusha injini hadi silinda ya kwanza ifike juu kwenye kompresheni. Kifuniko kivue na nyaya zake za plagi, usichomoe hata mmoja, kisha weka alama kwenye mwili wa distribyuta pale rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko, inapoelekea. Toa rota, toa pointi, toa kondensa. Safisha sahani iliyokuwa imeshika pointi mpaka chuma king'ae, kwa sababu athi ya moduli inapita hapo. Angalia na kile kiwaya kifupi kinachounga sahani na mwili wa distribyuta. Kikiwa kimekatika nusu, gari litamisi na utalaumu seti bure.

Funga moduli kwa skrubu yake, kisha sukuma pete ya sumaku kwenye kamu hadi ikae kabisa. Rudisha rota na uibonyeze. Isipozama ilivyokuwa mwanzo, pete haijakaa, na ukifunga kifuniko hivyo utakivunja. Tukiwa hapo kwenye rota, zile zenye ribiti juu siziamini: umeme wa juu hupenya kwenye ribiti ukaingia kwenye shafti. Tafuta isiyo na ribiti.

Nyaya mbili zitoke kwa ulegevu kidogo. Sahani inazunguka advansi ya vakyumu (kile kikopo cha hewa kinachowahisha moto) ikivuta. Waya ukibana, ama utakatika, ama utaizuia advansi. Mwekundu chanya ya koili, mweusi hasi. Rudia kuangalia mara mbili, ukigeuza hakuna nafasi ya pili.

Nyaya za plagi za shaba tupu zitoke. Zinarusha kelele ya umeme inayoichanganya moduli. Weka za kaboni; kwenye mita zinasoma maelfu ya omu, za shaba zinasoma karibu sifuri. Plagi ziache nafasi ya milimita 0.75 hadi 0.80.

Taimingi lazima uiseti upya, kwa taa ya taimingi, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta) na mpira wa vakyumu umechomolewa na kuzibwa. Mtindo wa fundi wa kutumia balbu swichi ikiwa imewashwa sitaki kuuona hapa. Kizazi hiki cha kwanza hakina ulinzi: swichi ikiwa imewashwa na injini imezima, umeme unaweza kuendelea kupita na kuunguza koili na moduli pamoja. Kwa hiyo msikilize redio kwenye foleni ya Mandela huku mmezima injini na swichi mkaiacha. Kama gari lina watumiaji wengi, dereva huyu na yule, lipa zaidi uchukue Ignitor II, ile inajilinda.

Nisiwadanganye, kuna vitu seti haiviponyi. Shafti ya distribyuta ikiwa inacheza ukiitikisa kwa vidole, moto utaendelea kuyumba, japo kidogo kuliko kwa pointi. Springi za advansi zilizolegea, hivyohivyo. Vakyumu ijaribu kwa mdomo: vuta hewa kwenye mpira, sahani isogee na ibaki. Isipobaki, diaframu imetoboka. Distribyuta ya namna hiyo itengenezwe kwanza, pesa ya seti ije baadaye.

Gari likizima likiwa la moto kwenye foleni na kuwaka likipoa, gusa koili. Ikiwa haishikiki kwa mkono, rudi kwenye omu zako kabla hujagusa moduli. Halijawaka kabisa? Volti kwenye mwekundu, athi ya sahani, pete imekaa; kwa mpangilio huo.

Na zile pointi ulizotoa usizitupe. Moduli ikifa, inakufa ghafla, na spea yake huwezi kuikuta Chalinze. Zifunge kwenye mfuko pamoja na kondensa, bisibisi fupi na fila geji (kipimo cha nafasi ya pointi) ya milimita 0.40, zikae chini ya siti. Ukizirudisha, toa pete ya sumaku kwanza.